Tamthilia ya nyumba haihitaji ukumbi: jibu kwa mwalimu wa Lamu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Lamu. Nimeandika tamthilia ya maonyesho matano. Ndugu watatu wamefiwa na mama yao na wanagombania nyumba ya mawe waliyozaliwa. Kaka mdogo, aliyekulia Nairobi, ameshaleta dalali wa mnunuzi wa ng'ambo. Wa kati anaishi Mombasa na haeleweki yuko upande gani. Dada mkubwa hajawahi kuhama Amu, yaani Lamu yetu hii, na habari za kuuza hataki kuzisikia. Idara ya sanaa za maonyesho ya chuo kikuu kimoja cha Nairobi imeipenda, na wanafunzi wao watakuja Agosti kuiigiza pamoja na vijana wetu. Sasa mhadhiri wao ananiuliza vipimo vya jukwaa, idadi ya taa na mahali pa kubadilishia mandhari. Ukumbi wa namna hiyo hatuna. Tena Kiswahili cha wanafunzi ni cha Nairobi, na jamaa wameshaanza kuniuliza wanawake na wanaume watasimamaje pamoja mbele za watu. Nianze wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Anza kwa kumjibu mhadhiri, lakini usimwandikie kwamba hamna jukwaa. Mchoree nyumba. Tamthilia yako ni ya ugomvi wa nyumba, na nyumba ya kale ya Amu imejengwa kwa namna inayompa mwongozaji nusu ya kazi yake bure.

Wewe unaijua, yeye haijui, kwa hiyo mweleze pole pole. Mtu akitoka barabarani hufika dakani, penye baraza mbili zinazotazamana, na hapo ndipo mgeni asiye wa nyumbani hukomea. Akiruhusiwa hupita tekani, ambayo imepinda makusudi ili wa nje asione ndani, akatokea kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi. Kutoka hapo ni msana wa tini (chumba kirefu cha chini), kisha msana wa yuu (cha juu), kisha ndani kwenyewe kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na vyombo vya mama. Na kila hatua sakafu inapanda kidogo. Aliye ndani kabisa yuko juu ya aliye kiwandani, na hadhira ya Lamu inalisoma jambo hilo bila kuambiwa na mtu.

Sasa chukua kila mhusika umuulize: huyu anaruhusiwa kufika wapi, na katika onyesho gani anavuka mpaka? Dalali katika onyesho la kwanza akae barazani, anyweshwe kahawa, aongee yote aliyo nayo, hata hadithi yake ya kwamba mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2001 na kwamba bei haitashuka. Amani ipo, kwa sababu bado yuko nje. Katika la pili mdogo mtu anamshika mkono anamwingiza hadi kiwandani huku dada akiwa amekaa msana wa tini na nguo za nyumbani. Hapo huhitaji hata mstari mmoja wa kulaumu; mwigizaji wa dada ainuke tu, apande hatua moja nyuma, ajitande. Ninakuhakikishia utasikia watazamaji wakiguna. Na kama katika onyesho la mwisho dalali atakuwa amesimama ndani, kidole chake kinahesabu zidaka, mauzo yameshafanyika hata kama karatasi haijatiwa saini. Nimeona tamthilia nyingi za kisasa zikieleza kwa ukurasa mzima wa maneno jambo ambalo hatua tatu za mwigizaji zingelimaliza. Yako ina bahati ya kuwa na hizo hatua, basi punguza maneno. Nakushauri upitie mswada ukiwa na kalamu nyekundu, na kila mahali mhusika anaposema "hii ni nyumba ya mama yetu" ujiulize kama mahali alipokaa hapajaisema tayari.

Kwa vifaa hilo linahitaji vitu vichache. Mbao za jukwaa za vimo vitatu: la kwanza shubiri moja kutoka chini, la pili shubiri mbili, la tatu tatu. Fundi seremala yeyote wa mtaani atayafanya, na yawe ya vipande vinavyobebwa na watu wawili, maana vichochoro vyenu unavijua na punda hapiti na ubao wa futi nane. Mikeka. Kitanda kimoja. Mistari ya chokaa kuonyesha kuta. Mlango wa bandia usitengeneze kabisa. Katika mji ambao watu wanachonga milango kwa riziki, mlango wa plaiwudi uliopakwa rangi utachekwa kabla mwigizaji hajatamka neno. Wahusika wapige hodi hewani, na hodi yenyewe ndiyo iwe mlango.

Mwambie mhadhiri achore vipimo hivyo kwa chaki kwenye sakafu ya darasa lao Nairobi, wafanyie mazoezi hapo tangu wiki ya kwanza. Na wasichana wavae mabuibui tangu siku hiyo hiyo, wavulana kikoi na kanzu kwa wanaohitaji. Maleba yanayovaliwa mara ya kwanza siku ya onyesho humfanya mtu atembee kama amekopa mwili. Aliyezoea suruali akivalishwa buibui atalikanyaga akipanda msana, na wanawake wa safu ya mbele watajua papo hapo kwamba huyo hajawahi kulivaa.

Kuhusu mahali pa kuonyeshea, jamaa watakushauri Mkunguni, mbele ya Ngome, kwa sababu watu wako pale tayari. Mimi nasema hapana. Uwanja ule ni mzuri kwa ngoma na hotuba, ila kwa ndugu watatu wanaonong'onezana juu ya mirathi, utashindana na bao, na wachuuzi, na punda, na pepo za kusi ambazo Agosti bado zina nguvu na zinabeba sauti kuipeleka zisikotakiwa. Omba uwanja wa ndani wa Ngome. Kuta zile zilizojengwa kati ya 1813 na 1821 zinazuia upepo pande zote, na mahali hapo palikuwa jela hadi 1984, jambo ambalo wazee hawajalisahau. Mhusika akisema nyumba imekuwa kifungo, mahali patamjibu. Ngome iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hiyo barua iende huko mapema, ikieleza siku, idadi ya watu unaotarajia, na kwamba hakuna msumari utakaopigwa ukutani.

Tatizo la kuta za mawe na chokaa ni mwangwi. Fanya jaribio hili kabla hamjaamua watu wakae upande gani. Msimamishe kijana mmoja mahali mwigizaji atakapokuwa, asome ukurasa mmoja ambao wengine hawajauona, kwa sauti ya mazungumzo. Wengine wanne wakae pembe nne za uwanja na madaftari, waandike wanachosikia. Halafu linganisha. Pembe ambayo daftari lake lina mapengo usiweke watu, au tundika mikeka na kanga nyuma yake, au geuza jukwaa. Usiku wenyewe mwangwi utapungua kwa sababu miili ya watu na nguo zao hunyonya sauti, lakini usitegemee hilo peke yake. Vipaza sauti ningevikwepa. Kipaza kikichukua sauti ya mtu aliyeko kushoto na kuitolea kulia, hatua zote tulizopanga za daka na msana zinapotea.

Saa na tarehe ndipo watu wa bara hukosea zaidi, kwa hiyo lishike wewe mwenyewe. Agosti jua linatua Lamu kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, Isha ni kama saa moja na nusu. Anzeni saa mbili na robo, watu wakiwa wametoka msikitini na wamekula. Tamthilia iende kwa saa moja na nusu bila mapumziko. Ukiwapa mapumziko nusu yao watakwenda kunywa chai na hawatarudi. Mtamaliza kabla ya saa nne. Sasa tazama maji. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji huku kwetu yanakupwa sana karibu saa nne na saa tano usiku, na wenye mashua za kuwarudisha watu Matondoni watakuwa wamekwama topeni. Siku za maji mafu mambo yanageuka, saa hizo maji yamejaa. Kwa hiyo chagua siku za maji mafu, tarehe nane, tisa na kumi za mwezi wa Kiislamu. Utapata maji ya kurudishia wageni, na juu ya hayo utapata mwezi wa zaidi ya nusu ulioko juu tangu machweo hadi baada ya onyesho kwisha. Ila hakikisha usiku huo haumo ndani ya Mfungo Sita, kwa sababu siku za Maulidi mji unajaa wageni, wanafunzi hawatapata pa kulala, na wala si adabu kushindana na shughuli ile. Ijumaa pia iache.

Mwezi huo utakusaidia kwa taa. Mhadhiri anauliza idadi; mwambie sita, za LED, zinazoweza kuendeshwa na betri, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya onyesho la nne hutaki kusimamisha watu wazima gizani. Mbili kwa daka, mbili kwa kiwanda na misana, mbili kwa ndani. Taa ya daka izimike dalali akishaingia. Mwanafunzi anayesomea taa atasema ni chache. Mwache alalamike, akizipanga vizuri ndiyo mtihani wake.

Sasa lugha. Usikubali wanafunzi wafundishwe kuiga Kiamu, lahaja ya Lamu. Wiki mbili hazitoshi, na hadhira itaacha kusikiliza ugomvi ianze kuhesabu makosa. Bahati nzuri wewe mwenyewe umeshawaandikia mahali pao. Mdogo amekulia Nairobi: aongee Kiswahili cha Nairobi, hata Sheng ikimtoka akiwa na hasira, na dada asiielewe. Dalali anaweza kuwa wa popote. Wa kati ni wa Mombasa. Hizo tatu wape wanafunzi. Dada mkubwa, shangazi kama yupo, na jirani wapewe watu wa Amu, na wazungumze kama wanavyozungumza nyumbani, *ndoo* na *ndia* na *mato* (njoo, njia, macho), bila kusafishwa. Umbali kati ya ndugu utasikika masikioni. Kama mhadhiri ana msichana hodari anayetaka nafasi ya dada, na lazima atakuwepo, ukweli ni kwamba nafasi hiyo si yake. Mpe jirani aliyeolewa kutoka bara, uandike mistari yake upya.

Kuna jambo moja ambalo kila mwigizaji lazima alijue kichwani hata kama halimo katika mistari yake, nalo ni hesabu ya mirathi. Kama baba alitangulia na hakuna mrithi mwingine, kaka wawili na dada mmoja wanagawana mafungu matano: kila kaka mawili, dada moja. Mwanafunzi wa Nairobi anayeigiza mdogo akidhani kila mmoja ana theluthi ataigiza hasira isiyo yenyewe. Mdogo anajua kwamba yeye na wa kati wakiungana wana nne kati ya tano. Ndiyo maana ana jeuri. Dada anajua kwamba ana moja tu na kwamba yeye ndiye aliyemuuguza mama na kupaka chokaa kila mwaka. Ndiyo maana hazungumzii sheria, anazungumzia chokaa. Na wa kati ndiye mwenye uzito wote, kwa hiyo kila mtu jukwaani amtazame yeye hata asipoongea. Hadhira yako itakuwa imeshapiga hesabu hiyo kufikia dakika ya tano. Tena kuna mzee mmoja nyuma atakayeuliza kwa sauti: je, nyumba hii si wakfu? Weka sentensi moja ya kumjibu katika onyesho la kwanza, la sivyo swali hilo litaila tamthilia nzima, kwa sababu nyumba ya wakfu haiuzwi na ugomvi wote hauna msingi.

Kuhusu wanawake na wanaume, wewe una wepesi ambao wengi hawana: wahusika wako ni ndugu. Hakuna mapenzi, hakuna anayemshika mwenzake isipokuwa mdogo anayemshika mkono dalali. Lipange jukwaa hivyo hivyo, dada awe daima hatua moja juu au nyuma, na utaona heshima hiyo inaleta mvutano mkubwa zaidi kuliko kugusana. Usiwaendee wazee kuomba ruhusa ya jumla, kwa maana ukiomba kwa jumla utajibiwa kwa jumla. Waalike watatu au wanne wanaoheshimika waje wasikilize mswada ukisomwa, wote, wakiwa wamekaa na kahawa. Wakipinga mstari, andika. Baadhi ya mistari utaibadilisha na itakuwa bora. Mingine utaitetea, nao watakusikia kwa sababu uliwatanguliza. Mama wa kila binti atakayeigiza umtembelee nyumbani mwenyewe, usimtume mtu. Mazoezi ya mabinti yaishe kabla ya Magharibi, awepo mwanamke mtu mzima wakati wote, na usiku wa onyesho wanawake wawe na mlango wao na upande wao wenye kuona vizuri, usiwe wa nyuma ya nguzo. Huu ni mji wa vugo na lelemama, ngoma za wanawake. Wanawake wake wamezoea kuonyesha na kutazama, wanachodai ni mpangilio.

Mazoezi ya wiki mbili za Lamu yafanyeni wazi, kwenye uwanja wa shule, jirani na watoto wakitazama. Hili si jipya. Makerere walianza kuzungusha wanafunzi wao na michezo mifupi kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, mwaka 1965, na Kamĩrĩĩthũ kule Limuru mwaka 1977 wanakijiji walihudhuria mazoezi na kuwasahihisha waigizaji maneno na mwendo hadi mchezo ukawa wao. Leseni yao ilifutwa baada ya wiki chache tu za maonyesho, kwa hiyo na wewe vibali vya kaunti, chifu na polisi uviweke kwenye faili moja, vilivyoandikwa, kabla tangazo la kwanza halijabandikwa.

Suala la alama hulisikii likitajwa, lakini linaharibu maonyesho ya vyuo kuliko mvua. Wanafunzi hao wanapewa maksi. Mwanafunzi anayejua mtahini amekaa safu ya pili atageuka amtazame mtahini, atapaza sauti kuliko mwenzake wa Lamu asiye na maksi, atalia machozi pasipotakiwa. Mwombe mhadhiri awape alama kwa mazoezi na kwa daftari la kazi, na usiku wa onyesho usiwe na mtihani. Mhadhiri mzuri atakubali mara moja. Akikataa, angalau jua mapema unashughulika na nani.

Na kabla ya yote hayo, karatasi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 tamthilia ni mali yako tangu ulipoiandika, kwa maisha yako na miaka 50 baada yako, na hakuna anayeweza kudai umemhamishia haki hiyo bila maandishi yenye saini yako. Kwa hiyo soma vizuri kila unachotiliwa mbele. Andikeni ukurasa mmoja: nani anaweza kubadilisha maneno (wewe peke yako, au wewe ukiwa umekubali), jina lako litakaa wapi kwenye tangazo, nani anabaki na video, vipande gani vinaweza kuwekwa mtandaoni ukizingatia mabinti waliomo, na je, chuo kinaweza kuiigiza tena mwakani bila vijana wa Lamu. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Idara ikiipenda sana tamthilia yako, mwaka unaofuata itaitaka kwenye tamasha la vyuo, na dada mkubwa ataigizwa na mtu ambaye hajawahi kuona msana. Unaweza kukubali, ni haki yako. Ila ukubali kwa kujua, na kwa malipo hata kama ni nauli tu.

Wiki hii andika barua mbili: ya Makumbusho kuhusu uwanja wa Ngome, na ya chuo ikiwa na mchoro wa nyumba na huo ukurasa mmoja. Nakala mpe mwalimu mkuu wako. Agosti shule itakuwa imefungwa, naye atataka kujua funguo za darasa la mazoezi zitakaa kwa nani, na nani atalipa bili ya maji.